Mrejesho: Zile chapa za mjomba

Wakuu, niliuliza namna ya kuorodhesha na kukadiria thamani ya chapa (picha zilizochapwa kwenye karatasi) za sanaa ya mitaani alizoacha marehemu mjomba kule Ntinda, Kampala. Asanteni, hasa aliyesema daftari kwanza, bei baadaye.

Kila chapa ina mstari wake: msanii, mwaka, vipimo, saini, namba, hali ya karatasi. Namba ya penseli kama 37/150 ni nakala ya 37 kati ya 150. Haimaanishi ni bora kuliko ya 140, ingawa binamu bado anabisha.

Iliyotupa joto ni Girl with Balloon ya Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza. Toleo la 2004 lilikuwa na nakala 150 zenye saini na 600 zisizo nayo. Yetu haina saini wala namba, na kwenye kioo cha kukuzia inaonyesha vitone vya mashine, si rangi tambarare ya uchapaji wa skrini (wino husukumwa kupitia wavu). Bango la dukani, basi. Binamu anataka tuombe cheti Pest Control, ofisi inayothibitisha kazi za Banksy. Mimi naona ni hela ya kutupa.

Mbili za Shepard Fairey, msanii wa mitaani wa Marekani, zina saini na namba. Moja imepata madoa ya kahawia ya unyevu. Nyingine fundi wa fremu aliikata pambizo ili ienee, jambo linaloshusha bei vibaya. Sasa nazilinganisha na nakala za toleo lilelile zilizokwisha uzwa mnadani. Bei za watu wanaotangaza tu mtandaoni nimeziacha.