Sinki lenye ubapa wa kukaushia vyombo au lisilo nao? Kaunta ni mita 2.4 tu

KauntaFupi:

Habari wakuu. Naomba ushauri kabla fundi hajashika msumeno.

Kaunta iko upande mmoja wa ukuta, urefu milimita 2400, upana 600. Jiko la kupikia linakaa mwisho wa kulia na linachukua 600. Kushoto kuna kona ya ukuta. Walaji ni watano, mashine ya kuoshea vyombo hakuna na haitanunuliwa. Machaguo ni haya:

1. Sinki la stenlesi la 1000 × 500 linalolalia juu ya kaunta: bakuli moja, na pembeni ule ubapa wenye mifereji.
2. Bakuli tupu la 540 × 440 la kubandikwa chini ya jiwe, kisha kichanja cha vyombo kiwekwe juu ya kaunta.

Navutiwa na la pili kwa sababu ubapa naona unakula nafasi ya kukatia na kuandalia. Kaunta yenyewe haijaamuliwa, ni graniti ya milimita 20 au bodi ya lamineti.

Mwinamo:

Mkuu, tupige hesabu kwanza, sura ya sinki tutaijadili baadaye.

Chaguo la kwanza: 2400, toa 600 ya jiko, toa 1000 ya sinki, zinabaki 800. Chaguo la pili: 2400, toa 600, toa 540, zinabaki 1260. Unaonekana umeokota 460 za bure. Sasa weka kichanja. Sahani ya kulia chakula ina kipenyo cha kama 270, na zikisimamishwa kila moja inataka 25 hadi 30 ili hewa ipite katikati. Sahani kumi, kubwa na ndogo, ni 300. Vikombe, vijiko na sufuria bado viko kwenye povu. Kichanja cha kuwatosha watu watano hakipungui 450. Basi 1260 toa 450 ni 810.

Unabishania milimita 10.

Kinachokula kaunta ni vyombo vilivyolowa, na hivyo vipo hata ukinunua sinki la aina gani. Tofauti ya kweli ni kwamba kichanja kinaweza kuondolewa na ubapa hauondoki. Kwa hiyo jiulize: baada ya mlo vyombo vinafutwa na kupangwa kabatini papo hapo, au vinaachwa vikauke vyenyewe? Kama vinaachwa, kichanja hicho hakitaondoka pale kamwe, na utakuwa umenunua ubapa usio na mfereji.

Jaribio lisilogharimu kitu: kata boksi la 400 × 500, liweke mnapooshea vyombo sasa, na kwa wiki nzima kila kilichooshwa kikae juu ya boksi hilo tu. Mwisho wa wiki angalia lililowea wapi na vyombo vilifurika mara ngapi.

Kona90:

Naunga mkono, naongeza kona. Bakuli usilibane kwenye ukuta wa kushoto hata ukichagua la pili. Anayeosha anahitaji nafasi ya kiwiko, angalau 300 kati ya ukingo wa bakuli na ukuta, 400 ndiyo raha. Nafasi hiyo ya konani haifai kukatia kitu, maana ukisimama hapo bega linagusa ukuta. Ndiyo sehemu ya ubapa hiyo, haina kazi nyingine.

Mpangilio kutoka kushoto uwe ubapa, bakuli, 800 za kuandalia, jiko. Mboga zinatoka kwenye maji zinaingia kwenye ubao wa kukatia, zinaingia kwenye sufuria, na hakuna hatua inayoruka nyingine. Ukiuweka ubapa kati ya bakuli na ubao, kila unachoosha kitapita juu ya vyombo safi kikidondosha maji.

MsumenoMkali:

Watu wanajadili nafasi, wamesahau kuuliza maji yanakwenda wapi.

Ukichagua lamineti, kichanja juu yake ni hatari kuliko kinavyoonekana. Trei nyingi za chini ni bapa kabisa, maji yanasimama, yanafurika kidogo kidogo nyuma ambako hakuna anayefuta. Yanaingia kwenye kiungo cha kaunta na ukuta, chipibodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) iliyo chini ya lamineti inanyonya na kuvimba. Ikishavimba hairudi, unabadilisha kipande kizima. Kama ni lazima kichanja, tafuta trei yenye mwinamo na mdomo unaoning'inia ndani ya sinki. Mdomo uvuke ukingo wa bakuli kwa angalau 20, la sivyo tone linarudi nyuma chini ya trei.

Halafu jambo moja linaloua mjadala: bakuli la kubandikwa chini haliendi na lamineti ya chipibodi. Ukingo uliokatwa unabaki wazi kwenye maji kila siku. Ukitaka lamineti, ni chaguo la kwanza, na ule ukingo uliokatwa upakwe vanishi au silikoni pande zote kabla sinki halijashuka.

Pimamaji:

Nichukue upande wa ufungaji, kwa sababu ubapa mzuri unaharibiwa siku ya kufungwa.

Mwinamo wa ubapa ni mdogo sana. Chukulia milimita 5 kwa urefu wa 400. Kaunta ikilala milimita 12 kwa mita kuelekea kona, mwinamo wote umekufa. Hata nusu yake inatosha: matone madogo hayateremki kwa uzito wao, yanang'ang'ania mfereji na kuacha mistari myeupe ya chokaa. Kwa hiyo pima maji inalazwa kwenye kaunta kabla ya kukata, kwa urefu na kwa upana, na miguu ya makabati inarekebishwa kwanza.

Tundu la sinki la 1000 × 500 kwa kawaida ni 980 × 480, ila fuata karatasi inayokuja na sinki. Lishushe bila silikoni. Mwaga nusu kikombe cha maji kwenye kona ya ubapa iliyo mbali zaidi na bakuli, subiri dakika moja. Yakibaki kidimbwi, usiendelee. Angalia kama ni kaunta iliyolala au ni bati lenyewe limeshuka tumbo.

Tumbo linatokana na wembamba. Chini ya ubapa hakuna kitu, ni hewa ya kabati. Stenlesi ya milimita 0.6 inabonyea ukiweka sufuria iliyojaa maji, na kila ikibonyea mwinamo unapungua. Tafuta 0.8 kwenda juu. Ikiwa umeshanunua nyembamba, weka kipande cha ubao chini ya ubapa, kikishikwa na silikoni, kiguse tu bila kusukuma. Kikisukuma, utatengeneza kilima katikati na maji yatakimbilia kaunta.

Na klipu za kulishikia sinki kwenye kaunta zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, moja huku na nyingine upande wa pili. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho anainua upande wa pili.

JiweTupu:

Nitetee graniti kidogo. Tundu la 980 × 480 kwenye jiwe la upana wa 600 linabakiza utepe wa 60 mbele na 60 nyuma. Kwa unene wa 20, utepe mrefu hivyo huvunjika wakati wa kubeba, mara nyingi kwenye kona ya tundu. Kona zikatwe kwa mviringo, zisiwe kali, na jiwe libebwe likiwa limesimama wima. La bakuli tupu ni tundu fupi, hatari inapungua sana.

Kuna njia ya tatu haijatajwa: chonga mifereji kwenye jiwe lenyewe. Mitano au sita kwa urefu wa 400, ianze na kina cha milimita 1 na kufika 5 inapoingia kwenye bakuli. Kwa jiwe la 20 inawezekana, la 30 ndilo la kustarehe. Kasoro ni mbili. Chini ya mfereji tu ndiyo kuna mwinamo, migongo kati yao ni bapa, hivyo sahani zinahitaji kusimama na siyo kulala. Pili, kung'arisha ndani ya mfereji ni kazi ya mkono, na fundi asiye na subira anaacha mikwaruzo inayoshika uchafu. Mwombe akuonyeshe mfereji aliokwisha kuchonga, upitishe ukucha ndani. Ukucha ukikwama, tafuta fundi mwingine.

Siki ya kuondolea chokaa inafaa stenlesi ukiisuuza. Kwenye marumaru usiiguse, inachimba.

KauntaFupi:

Nimeelewa, na ile hesabu ya milimita 10 imeniumbua. Vipi vile vichanja vya fimbo vinavyokunjuliwa juu ya bakuli? Na stenlesi nitaijuaje dukani?

Mwinamo:

Cha fimbo ni kizuri kwa kusuuzia matunda au kwa sinki la bakuli mbili. Kwa bakuli moja, ukikikunjua umejifungia sinki, unaosha wapi? Kitumie kama nyongeza ya siku za vyombo vingi, na kiwe kirefu kuliko bakuli kwa angalau 30 kila upande kisitumbukie.

Kama ukuta juu ya sinki hauna dirisha, fikiria kabati lisilo na sakafu, lenye fimbo badala ya rafu, matone yanadondoka moja kwa moja chini. Ufini karibu kila nyumba inalo. Maiju Gebhard ndiye aliyeliboresha huko miaka ya 1940 ili kupunguza muda wa kufuta vyombo. Unakausha na kuhifadhi mahali pamoja, kaunta inabaki tupu. Hapo ndipo bakuli tupu lisilo na ubapa linapoleta maana.

Pimamaji:

Sumaku inasaidia nusu. Ikishika kwa nguvu, huenda ni stenlesi ya daraja la 430, inayopata kutu upesi kuliko ya daraja la 304. Isiposhika haimaanishi ni 304, kwa sababu hata 201 haishiki. Soma namba iliyogongwa kwenye bati na uulize unene.

Kingine kabla hujalipa: angalia tundu la koki. Likiwa limetobolewa tayari, sinki lina upande, huwezi kuligeuza. Wewe unahitaji ubapa kushoto, kwa hiyo simama mbele ya sinki kama unayeosha, koki ikiwa nyuma, ndipo uonyeshe kwa kidole. Ukisema tu "la kushoto", wengine wanataja upande wa bakuli na wengine wa ubapa.