Walimu wapya hawadumu huku Paje sababu ya nyumba, wenzetu wa maeneo ya utalii mnafanyaje?

mwl_wa_kusini

Assalaam aleikum wakuu, poleni na kazi. Mie ni mwalimu mkuu msaidizi skuli moja ya serikali ukanda huu wa pwani wa Paje na Jambiani, kusini Unguja, skuli yenyewe siitaji. Shida yetu siku hizi si madarasa wala madawati, shida ni pa kulala. Tunaletewa walimu wapya, wanaripoti vizuri, wanaanza kuhangaika na nyumba, wanakosa, wanaamua kupanda gari kila siku kutoka mjini ambako ni kama kilomita 50, nauli inawamaliza, asubuhi wanaingia kipindi kishaanza, mwaka haujaisha mtu kaomba uhamisho. Wanaoumia zaidi ni wanaotoka Pemba, maana wa Unguja atakosa vyote lakini shangazi hakosi, wa Pemba huku kusini anamjua nani?

Kwa asiyeijua hali: kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipopandishwa 2022 kilifika 347,000. Mwalimu anapata zaidi ya hapo, sawa, ila toa mkopo, toa ya wazee nyumbani, toa chakula. Sasa huku chumba kimoja chenye choo ndani, tena upande wa juu wa barabara, unaambiwa laki tatu na miezi sita mkononi. Upande wa pwani usiulize, kule bei wanahesabu kwa usiku.

Juzi nimemsindikiza mwalimu wetu wa hesabati kuangalia chumba. Kizuri wallahi, tailizi, feni, dirisha lina wavu. Tukabembelezana bei mpaka ikashuka, tukafurahi, ndo mwenyewe anatwambia sasa mtakaa mpaka mwisho wa Mei, kusi ikishika Juni nina wageni wangu wa kaiti, wale wa kuteleza baharini kwa tiara, mtarudi Oktoba. Sasa mtu atoe kitanda, jiko na madaftari ya watoto akaviweke wapi miezi yote hiyo? Na kuna walimu wa kike, hao ndo mtihani kabisa, sheha, yaani kiongozi wetu wa shehia, hataki msichana akae peke yake jirani na baa, na mimi pia sitaki, na baba yake huko Wete, Pemba, ndo hataki zaidi.

Msiniambie tusubiri serikali ijenge, barua tumeshaandika na tutaendelea kuandika. Nauliza kamati ya skuli yenyewe, kwa nguvu yake ndogo, inaweza kufanya nini mwaka huu?

kijana_wa_mjini

Mkuu na walimu nao wapunguze mbwembwe, tailizi za nini, waende Kitogani huko vyumba vipo na bei ya kibinadamu. Paje ni ya wazungu sasa hivi, tukubali tu.

nesi_zamu_ya_usiku

Kijana_wa_mjini, rahisi kusema. Kitogani kweli ni nafuu, mie ndo ninakokaa na kazi yangu iko kituo cha afya kule pwani, ila mwalimu wa mkondo wa mchana akitoka jioni gari za kurudi ni za kusubiri mpaka uchoke, na mie nikitoka zamu ya usiku hakuna gari kabisa, ni bodaboda kwenye msitu. Tangu ile hospitali ya wilaya ijengwe hapo Kitogani na wenzangu wengi wamehamia, kwa hiyo hata huko vyumba havikai tupu.

Mwalimu, nikwambie kilichotusaidia sisi. Tuliacha kutafuta nyumba zilizokwisha. Nyumba iliyokwisha huku ina wateja wengi wenye pesa kukushinda, hata ukapige magoti. Tukatafuta zilizokwama. Tembea ndani ya vijiji, utaona nyumba ngapi zimeishia lenta, matofali yameota majani, mwenyewe kakosa bati au kakosa milango. Tukaenda kwa bibi mmoja mlimaji mwani, nyumba ya marehemu mumewe imesimama vyumba vinne bila paa. Tukakubaliana manesi wanne tunatoa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, tunanunua wenyewe bati na mbao na kumlipa fundi, yeye hashiki pesa ila risiti zote anapewa na mwanawe anazihesabu. Gharama ile tunaikalia. Kodi kila chumba tuliifunga bei ya chini kwa miaka miwili, ikiisha tunapanga upya.

Yeye kapata nyumba yenye paa ambayo asingeipata kwa mwani, sisi tumepata pa kukaa. Tumekaa wanawake watupu, bibi yuko nyumba ya mbele, sheha kanyamaza.

Kikwazo ni kile kianzio. Mtumishi mpya hana milioni mkononi. Sisi tulikopa saccos, wewe kamati yako ndo iingie hapo.

mwenye_banda_jambiani

Naona wenye nyumba tunasemwa, acheni na mie niseme maana ninazo mbili. Mimi niliwahi kumkodisha mtumishi wa serikali. Miezi ya mwanzo safi, baadae ikawa mshahara haujaingia, baadae mtoto mgonjwa, baadae nikakuta kufuli langu na chumba hakina mtu, bili ya maji imebaki yangu. Mgeni analipa hata hajapanda ndege. Ndo maana roho inaenda kwa mgeni, si kwamba tunawachukia walimu, watoto wetu nani anawasomesha?

Lakini niwaambie na siri ya biashara. Hii ya wageni watu wanaiona nje tu. Masika ile Aprili na Mei nyumba inakaa na popo. Mtandao unachukua kamisheni yake, kiyoyozi kinakula Tukuza, huu umeme wa kulipia kabla, usiku kucha, shuka kila siku mbili, mtu wa kufagia anataka chake, maji ya kisima hapa yana chumvi mabomba na hita vinakufa kila mara. Nikipata mtu wa laki mbili kila mwezi bila kuruka, mwaka ni milioni 2 na laki 4 na sijafua hata foronya moja. Sipati pungufu sana ya ninachobakiza kwa nyumba ile ndogo ya nyuma. Ya mbele inayoona bahari siitoi, tusidanganyane.

Ninachotaka mimi ni mtu wa kumshika. Skuli iandike mkataba na mimi, si mwalimu. Mwalimu akihama, skuli iniletee mwingine. Akichelewa, namfata mwalimu mkuu. Nipe hilo na mlango nakufungulia kesho.

mpemba_colorado

Nawasoma kutoka Denver. Msidhani ni Paje tu. Huku kwenye milima kuna miji ya skii, Vail na Aspen, mwalimu, polisi, dereva wa basi la mji, wote hawana uwezo wa kukaa wanapofanya kazi, mtu anaendesha kwenye theluji mabonde mawili mpaka afike kazini.

Vail walianza mpango 2017 wanauita InDEED. Mji hauijengi nyumba wala hauinunui. Unamlipa mwenye nyumba pesa mara moja, halafu kwenye hati ya nyumba linaandikwa sharti la kudumu kwamba anayekaa humo lazima awe mtu anayefanya kazi kaunti ile wastani wa masaa 30 kwa wiki. Bei haikufungwa, auze anavyotaka, ila sharti linakwenda na nyumba hata iuzwe mara kumi. Kwa hiyo tajiri anayetaka nyumba ya likizo haimfai, inabaki kwa wanaofanya kazi pale. Aspen wao ni wakongwe zaidi, wana nyumba zaidi ya 3,000 za namna hiyo wakichanganya za kupanga na za kununua, na za kununua watu wanaingia kwa bahati nasibu. Kero yao ni kwamba aliyeingia hatoki, anastaafu mule mule, na anayekuja leo anasubiri miaka.

Hicho mnachokifanya na bibi wa mwani kinafanana na cha Vail kuliko mnavyofikiri, mnanunua sharti kwa bati.

kijana_wa_mjini

Colorado wana hela bana. Halmashauri yetu imlipe nani?

mzee_wa_maskani

Wanangu, pesa si lazima. Ardhi ya Zanzibar tangu baada ya Mapinduzi ni ya serikali, huyo mwekezaji ufukweni kapewa kwa mkataba wa kukodi tu, hajainunua. Anayekodisha ndiye mwenye kuweka masharti. Hoteli nyingi zinawawekea wafanyakazi wao wenyewe mabweni, iweje mkataba mpya usiandikwe kwamba katika mabweni hayo vyumba kadhaa ni vya walimu na manesi wa shehia, kwa kodi ya kawaida? Hilo ni la kumpelekea mwakilishi wenu wa jimbo, tena mlipeleke kabla hajaanza kuomba kura, akishapata simu haishikwi.

Na msisahau Makunduchi hapo jirani, nyumba za maendeleo zilijengwa enzi za Mzee Karume, mafleti kabisa, shamba, watu wakashangaa. Wazo lilikuwepo. Enzi zetu hata pasipo fleti kijiji chenyewe kilikuwa kinampa mwalimu chumba na samaki juu, mwalimu halipi kodi, sasa chumba hicho hicho mjukuu kakipaka chokaa, kaweka makuti na bembea, kakipa jina la Kitaliano.

dalali_halali

Nyongeza tu, wakikutajia kodi kwa dola wakumbusheni kanuni za 2025, bei za humu ndani ni kwa shilingi. Wengi wanajua ila wanakujaribu. Na msimamo wangu na mwenye_banda ni mmoja, msitafute Mei mwishoni wala Novemba, mwenye nyumba anaota msimu. Nendeni Aprili mvua inanyesha, nyumba tupu, mtu anasikiliza.

mwl_wa_kusini

Nimefarijika sana, sikutegemea. Mzee, la mabweni nalipeleka kwenye kikao, shukran. Mwenye_banda nimekutumia ujumbe pembeni. Ila hilo la skuli kusaini mkataba lina mtego, fedha za skuli siwezi kuziweka dhamana ya kodi ya mtu, mkaguzi akija nitalala ndani mimi. Ninachoona ni kamati ya wazazi wawe na kikapu chao, tuna wazazi wenye maduka na wenye vyombo vya kupeleka wageni baharini, waweke kianzio cha nyumba moja, walimu watatu wakirejesha kidogo kidogo kila mwezi kinakwenda nyumba ya pili. Mkataba usainiwe na mwenyekiti wa kamati na mwenye nyumba, sheha shahidi.

Nesi, mkataba wenu na bibi mliandika nini na nini?

nesi_zamu_ya_usiku

Karatasi moja tu, mkono wa mwanawe. Andikeni kiasi mlichotumia na risiti zibandikwe nyuma. Andikeni kodi haipandi mpaka tarehe fulani. Andikeni pampu ikifa nani anatengeneza, sisi hatukuandika na imetuletea maneno. Muhimu zaidi andikeni bibi akifariki warithi watauheshimu mkataba, na wale watu wazima wao wasaini, maana nyumba nyingi za huku ni za urithi na ndugu yuko Muscat anakuja siku moja anasema kauza.

Na mita ya Tukuza ombeni yenu peke yenu. Msikubali kuunganishwa na ya banda la uani, kule kuna mtu ana friji la kuuza barafu.