Silinda 16 na bado mnaiita haibridi?

*Kikundi: Ukoo Wetu*

Salim: Wapenda injini mko wapi? Hili gari jipya, Bugatti Tourbillon, nalisubiri utadhani nimeshalipa 😂

Mjomba Faraji: Zitatengenezwa 250 tu dunia nzima. Wewe umepenyea wapi?

Salim: Shikamoo mjomba. Sijapenya, nachungulia tu.

Mjomba Faraji: Marahaba. Mimi nilipoona neno haibridi, injini na umeme pamoja, nikafunga ukurasa. Magari ya kunyatanyata niondoleeni.

Salim: Hii hainyati. Injini ni V16, yaani silinda 16 kwa umbo la V, lita 8.3, wameitengeneza pamoja na Cosworth, watengeneza injini wa Uingereza. Inapanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Na haina turbo hata moja, zile feni za kusukuma hewa ndani ya injini!

Mjomba Faraji: Haina turbo?? Si Chiron, Bugatti iliyotangulia, ilikuwa nazo nne?

Salim: Nne, na W16 ya lita 8. Ilianza na nguvu za farasi 1,500. Huku injini peke yake ni farasi 1,000, mota tatu za umeme zinaongeza 800.

Rehema: Yaani wametoa turbo wakapachika betri. Si gari litakuwa zito kama lori?

Salim: Bugatti wanasema ni jepesi kuliko Chiron. Injini yenyewe kilo 252.

Mjomba Faraji: Ngoja kwanza, hapa kuna akili. Injini isiyo na turbo nguvu zake nyingi ziko juu, mpaka mizunguko ipande. Turbo husaidia chini, lakini ukikanyaga inachelewa kidogo, halafu inameza sauti kwa sababu moshi lazima upitie kwenye feni yake kwanza. Mota ya umeme haisubiri kitu, inavuta tangu tairi limesimama. Kwa hiyo mota inabeba huku chini, injini inapokea juu, na ile sauti inabaki. Umeme ndio uliowapa ruhusa ya kung'oa turbo!

Rehema: Mjomba umeshahamia haibridi, hata dakika kumi hazijaisha 🤣

Mjomba Faraji: Sijahamia. Nimesogea.

Shangazi Mwanaidi: Nyie bakini na moshi wenu. Mmeiona dashibodi?

Salim: Ile ya mishale! Imetengenezwa na mafundi saa wa Uswisi, vipande zaidi ya 600. Hata jina ni la kifaa cha ndani ya saa, fundi saa Breguet alikipatia hataza mwaka 1801.

Shangazi Mwanaidi: Na ukikata kona mishale haigeuki. Kitovu cha usukani kimetulia, kinachozunguka ni ule mduara wa nje tu. Hapo wamenikamata. Skrini kubwa za siku hizi, baada ya miaka kumi zitaonekana kama simu za kubonyeza.

Rehema: Bei?

Salim: Kuanzia euro milioni 3.8. Kabla ya kodi.

Rehema: KABLA ya kodi 😭

Mjomba Faraji: Na ukitaka ile kasi ya juu kabisa, kilomita 445 kwa saa, kuna ufunguo wa pili wa kuchomeka. Bila huo unakomea 380.

Shangazi Mwanaidi: Maskini, 380 tu. Pole yao.

Salim: Inaweza pia kwenda zaidi ya kilomita 60 kwa umeme mtupu, injini imezimwa.

Mjomba Faraji: Silinda 16 halafu utoke nazo kimya? Hiyo ni dhambi.

Shangazi Mwanaidi: Dhambi ni kuamsha watoto wa watu saa kumi na moja alfajiri. Mimi hizo kilomita 60 ningezitumia zote.

Salim: Walipoizindua Juni 2024 walisema wateja wataanza kukabidhiwa 2026. Mimi nataka kuisikia tu barabarani, si kwenye jukwaa la maonyesho.

Mjomba Faraji: Una video ya injini ikinguruma? Nitumie. Isiwe ile waliyoiwekea muziki juu, hao watu sijui huwa wanafikiria nini.

Rehema: Mtumie faragha jamani, simu yangu imejaa.

Salim: *ametuma video*

Rehema: Salim!!