Wifi anafika wiki 41, kidonge cha uchungu anywe au awekewe chini?

Wifi Mkubwa
Wakuu habari za usiku, naombeni elimu. Wifi yangu ni mimba ya kwanza, keshapitiliza tarehe, juzi kliniki wamemwambia akigonga wiki 41 bila uchungu aje na begi lake wamuanzishie. Sasa kinachonichanganya, jirani yetu alianzishiwa hospitali nyingine akawa anapewa maji kwenye kikombe anakunywa kidogo kila baada ya masaa mawili, huyu wetu kaambiwa atawekewa kidonge chini kila masaa sita, na nesi anasema dawa ni ile ile moja, miso (misoprostol). Kama ni moja kwa nini huyu anywe na huyu awekewe?? Halafu mama mkwe naye kashikilia mtoto anaijua siku yake asisumbuliwe. Wenye kujua mje jamani.

Baba Kulwa
Mama mkwe hajakosea. Siku hizi kila kitu haraka haraka, wenzenu tulikaa tumboni mpaka tukachoka na bado tupo hapa tunachati. Subirini.

Mkunga wa Zamu
Baba Kulwa wewe upo, wasiokuwepo hawawezi kuja kukujibu. Sweden waliwagawa wamama kama 2,760, nusu waanzishiwe wiki 41, nusu wasubiri mpaka 42, na mwaka 2018 ikabidi wausimamishe utafiti kabla haujaisha maana kwenye kundi la kusubiri walishakufa watoto 6 na kwenye lile la 41 hakuna hata mmoja. Ni wachache kati ya wengi, sisemi kila anayepitiliza anapata shida, ila ndo maana WHO wanashauri ikishajulikana kwa uhakika 41 imetimia mama aanzishiwe.

Sasa dada swali lako. Dawa moja ndiyo, lakini mlango wa kuingilia unabadilisha mwendo wake. Akinywa inapanda kwenye damu ndani ya nusu saa hivi halafu inashuka mapema, ndo maana anarudia kila masaa mawili. Ikiwekwa ukeni inapanda taratibu, inachukua zaidi ya saa kufika juu, halafu inakaa huko kwa masaa. Kwa hiyo ya chini unaweka mara chache na kwa wengine inafanya kazi haraka, ila ikizidi nguvu huwezi kuitoa tena, kidonge kishayeyuka. Uchungu unapandana bila kupumzika na mtoto hapati hewa vizuri kwa sababu kila mji unapobana damu kwenye kondo inapungua. Ya kunywa ukiona mambo yanakolea unaruka dozi inayofuata basi. Mi binafsi naipenda ya kunywa, na tafiti zilizokusanywa pamoja zinaegemea huko huko, WHO lakini wanakubali zote mbili, mikrogramu 25 kila masaa mawili kwa mdomo au 25 kila masaa sita ukeni. Hospitali zinachagua kutokana na manesi walionao, maana kumfuata mama kila masaa mawili usiku wodi imejaa sio mchezo.

Mzee wa Famasi
Naongezea hapo kwenye kikombe. Miso ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kidonge kinachopatikana sana ni cha mikrogramu 200, yaani mara nane ya dozi ya uchungu! Ukikikata kwa wembe vipande nane havitoki sawa hata siku moja, kipande kimoja kinaweza kubeba dozi ya wawili. Ndo wakaja na ujanja wa kukiyeyusha kwenye maji mililita 200, kila mililita 25 mama anapata 25 zake. Vipo na vidonge vya 25 kabisa ila havijaenea. Ile dawa nyingine ya ukeni yenye uzi, mambo yakizidi unavuta inatoka, ni nzuri lakini bei yake na inataka ubaridi. Na dripu ya uchungu msishangae kwa nini haiwi kidonge, ile ni protini ndogo, ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama.

Mama Careen
Mie nina kisu cha mtoto wa kwanza na huyu wa pili anakaribia, naweza kuomba hiyo ya maji maana naona ndo salama?

Mkunga wa Zamu
Hapana mama, kwa kovu la upasuaji miso hapana, iwe ya maji iwe ya kuweka, mji unaweza kupasuka pale pale kwenye kovu. Wanaweza kutumia mpira wenye puto kufungua njia, hiyo daktari wako ndo aamue, na usikubali mtu akupe kidonge nyumbani.

Wifi Mkubwa, hizo wiki zimehesabiwaje? Kwa tarehe ya hedhi ya kukumbuka kumbuka au kuna ultrasaundi ya mwanzoni? Ya juzi juzi usiitegemee, ya mimba kubwa inakosea hata wiki mbili tatu.

Wifi Mkubwa
Ipo ya mwanzoni, alipiga mimba ikiwa na miezi miwili na nusu, nimepiga hesabu kwa hiyo 41 inatimia kesho kutwa.

Mkunga wa Zamu
Basi aende nayo hiyo karatasi pamoja na kadi. Akishawekewa asiruhusiwe kurudi nyumbani kulala, na mtoto asikilizwe mapigo kila mara. Mama mkwe mchukueni naye, ataulizia huko huko.

Baba Kulwa
Sawa mkunga. Mimi namtetea mama mkwe tu jamani ila hiyo ya Sweden sikuwa nayo.