Naomba ushauri: kikaragosi asiyesema katika darasa la Kiswahili

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Naishi Leicester, Uingereza, ambako kila Jumamosi huwafundisha Kiswahili watoto tisa wa miaka minne hadi saba. Nimeshona kikaragosi cha mkononi kwa kumwiga Sooty, yule kikaragosi wa dubu wa manjano wa televisheni ya Uingereza, ambaye mwigizaji Harry Corbett alimnunua mjini Blackpool mwaka 1948, kisha akampaka masizi masikioni ili aonekane vyema katika televisheni ya nyeusi na nyeupe, na ambaye mwaka 1976 alichukuliwa na mwanawe, Matthew. Mama mkwe wangu, aliyemtazama utotoni, hadi leo hucheka pamoja na wajukuu wake dubu huyo anapommwagia bwana wake maji usoni.

Nadhani siri yake ni ukimya: Sooty humnong'oneza bwana wake sikioni, naye hurudia maneno kwa sauti. Hapo ndipo nilipokwama, kwani mimi nataka watoto waseme. Nilimpa wangu sauti kwa majuma mawili, wakawa wanatazama midomo yangu badala yake. Nilipomrudisha kwenye mnong'ono walifurahi mno (mmoja alitega sikio lake mwenyewe), lakini wakajibu kwa Kiingereza kitupu.

Je, niwaache watoto wenyewe wasikilize mnong'ono na kuutangaza kwa Kiswahili, au ni mapema kwa umri huo? Na ni hadithi ipi ya sungura na fisi inayoweza kuigizwa bila sungura kutamka neno?

Natanguliza shukrani.