Je, anayemchoma mtu adrenalini ili kumwokoa akingwe na sheria?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana mimi lilinifika.

Mwaka juzi nilikuwa mwalimu wa zamu, huku kwetu Kilifi, siku nyuki walipotoka kwenye mbuyu ulio nyuma ya madarasa. Watoto wengi walidungwa, wakalia, wakanyamaza. Msichana mmoja wa gredi ya sita akaanza kujikuna mwili mzima, midomo ikafura, sauti ikamkauka, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Nikampakia kwenye bodaboda na kumkumbatia kwa nyuma. Tukasimama kwenye duka la dawa la kwanza. Dada wa pale aliitambua hali kabla sijamaliza kueleza. Akafungua droo, akatoa ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, ya adrenalini, dawa ya kuzima mzio (aleji) mkali unaoua, akaitazama, akairudisha. "Mwalimu, akinifia hapa, ni mimi nitakayelala ndani." Akatupa piritoni, dawa ya mzio wa kawaida, ambayo haizuii koo kuziba. Nesi wa zahanati, kilomita nne mbele, ndiye aliyemchoma sindano ya paja. Mtoto yu hai.

Simlaumu yule dada. Sheria inampa nini? Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inakitoza faini isiyozidi shilingi milioni 1 kituo cha matibabu kinachoacha kutoa huduma ya dharura ilhali kina uwezo. Vyote viwili vinambana anayekataa. Anayejitolea kisha mambo yakaenda mrama, havimtaji.

Kule Ontario, Kanada, walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2003 Sabrina Shannon, msichana wa miaka 13 mwenye mzio wa maziwa, alizidiwa shuleni baada ya kula chipsi za kantini. Sindano yake ya adrenalini ilikuwa kabatini. Alifariki. Sheria yenye jina lake, iliyoanza kazi Januari 2006, inamruhusu mfanyakazi wa shule kumchoma mwanafunzi adrenalini hata kama idhini haikutolewa mapema, na hashtakiwi kwa fidia akitenda kwa nia njema, ila uzembe wake ukiwa wa kupindukia. Uingereza nayo, kupitia kanuni za dawa za 2012, mtu yeyote anaruhusiwa kuchoma adrenalini kuokoa maisha.

Wanaopinga husema kinga ya namna hii itakuwa kichaka cha madaktari bandia. Hoja hiyo nzito, na mimi ninaiogopa pia. Wenzetu huko wanatumia kalamu ya sindano yenye dozi iliyokwisha kupimwa. Huku kwetu kalamu hizo ni adimu, tuna ampuli. Ampuli moja ni miligramu 1, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 0.3 tu, kwenye msuli wa paja. Ukiisukuma yote, tena mshipani, unaweza kumuua kwa dawa ya kumponya. Kwa hiyo mimi ningesema: ampuli iwe kwa aliyefunzwa, awe nesi, muuza dawa, mhudumu wa ambulensi au mwalimu mmoja kila shule; kalamu iwe kwa yeyote. Kinga imfunike asiyelipwa, aliyefuata mafunzo yake, na iondoke kwa mlevi au mzembe wa wazi. Tapeli anayetoza watu pesa hapo hana pa kuingilia.

Wapo pia wanaosema tusubiri ambulensi. Wanaouawa na sumu ya nyuki, mioyo yao husimama kama robo saa tu baada ya kudungwa. Ambulensi gani hiyo ya robo saa, huku bara ya Kilifi?

Kuna jambo moja sijamweleza mzazi wa yule msichana. Miezi kadhaa baadaye nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, nikaambiwa mgonjwa wa namna ile hulazwa chali, miguu juu. Akishindwa kupumua anaweza kuketi akiwa amenyoosha miguu, lakini asiinuliwe ghafla wala kutembezwa, moyo unaweza kusimama. Mimi nilimwinua mavumbini nikamtembeza mpaka kwenye pikipiki. Angefia mikononi mwangu, mngesema nishtakiwe? Na yule kijana wa boda je, ambaye hakudai hata nauli? Wanasheria, manesi, wazazi, semeni.