Pampu imegoma baada ya umeme kurudi, tangi la maji ya bahari linanuka. Nimwage yote?

FundiFriji_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la samaki la lita 300 sebuleni, Ngamiani hapa Tanga, lina mwaka wa tatu. Jumamosi nilikwenda msibani Muheza nikalala huko. Usiku umeme ukakatika, alfajiri ukarudi. Taa ikawaka, pampu kubwa ikabaki kunguruma bila kuzunguka. Nimeifungua nikakuta chokaa imegandia impela, ile panga inayosukuma maji, mpaka haisogei. Aibu yangu, maana wateja nawagombeza kila siku wasafishe friji zao.

Nimerudi Jumapili saa kumi, maji yako nyuzi 32 na yamekuwa meupe kama tui la pili. Samaki wangu kangaja kafa, kamba wawili wamekufa. Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari wako hai ila wanahema juu juu. Matumbawe laini yamesinyaa, moja gumu limepauka upande. Jongoo bahari sijamwona. Kipimo cha amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, badala ya njano kimetoa kijani. Mama Salma anasema mwaga uanze upya, nami karibu namkubalia.

BintiMalindi (Unguja)
Usimwage, kaka. Bakteria wanaokula amonia wengi wao wamekaa kwenye mawe. Ukiyaosha mawe kwa maji ya bomba umewaua, halafu utabaki na samaki kwenye tangi la siku ya kwanza.

Kwanza hewa. Pampu ndogo yoyote uliyo nayo, elekeza mdomo wake juu uso wa maji utibuke. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, ndiyo maana wanahema pale juu. Feni ya mezani ipulize usoni, joto lishuke taratibu, na usitie barafu. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Leo badilisha robo, kesho robo, na usiwalishe. Tumbawe kupauka si kufa: limetema ule mwani mdogo unaolilisha. Kama nyama bado imeshika, lipunguzie taa ulisubiri. Pampu iloweke kwenye siki na maji, nusu kwa nusu.

KijanaWaPongwe
Fuga perege tu mzee, hawana makuu 😂

MvuviMstaafu
Mwanangu, mimi nimesoma yote nikaishia pale pa jongoo. Umempitia juu kama kitu kidogo. Mtafute sasa hivi. Jongoo akifa ndani ya tangi hutoa sumu, na samaki wanaondoka kama waliotiliwa utupa. Visiwa vya Pasifiki watu humtumia hivyo hivyo kulewesha samaki kwenye vidimbwi.

FundiFriji_Ngamiani
Shikamoo mzee. Nimempata nyuma ya jiwe kubwa, amelegea, ametapika utumbo. Mimi nilidhani ule utumbo ni mwani! Nimemtoa kwa mpira wa kunyonyea, na maji ya pale nimeyanyonya pamoja naye.

MvuviMstaafu
Marahaba. Tia mkaa wa kuchujia maji, ule wa matangi, siyo wa kupikia. Na maji ya kubadilishia usichote pale ufukweni karibu na bandari. Masika hii Mkulumuzi na Zigi zinamwaga tope kwenye ghuba, juu chumvi imechujuka. Mpe madumu mtu wa ngalawa anayetoka nje, akuchotee kule maji ya buluu, mbali kupita Kisiwa cha Toten. Upime chumvi kabla ya kumimina: uzito wa maji usome 1.025, au chumvi gramu 35 kwa lita.

BintiMalindi (Unguja)
Mzee kaona jambo ambalo mimi limenipita kabisa.

FundiFriji_Ngamiani
Naleta mrejesho, leo siku ya kumi na moja. Madumu nane yalikuja na ngalawa, moja lilisoma 1.021, nikaliacha. Siku ya tatu maji yaling'aa, ya saba amonia ikarudi njano. Matumbawe laini yamefunguka. Lile gumu, upande uliopauka umeota mwani, huo nimeuhesabu umekufa. Upande wa pili bado una rangi. Nimenunua na pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Salma ananiuliza kangaja mwingine lini, nimemwambia masika ipite kwanza. Kuhusu jongoo, hakuna aliyeuliza.